Usinunue Mbwa kwa Kutazama Miguu

Kuna udanganyifu mmoja hapa Mulot ambao hauandikwi magazetini. Ule wa simu umeandikwa mpaka tumechoka. Ukisafiri na kusema umetoka Mulot, watu hushika mifuko yao na kucheka. Huu ninaouzungumzia haujampeleka mtu kituoni, na pengine hata anayeufanya hajui kwamba anadanganya. Ni wa yule anayesimama kando ya barabara siku ya soko, katoni iko miguuni pake, ndani mna vilebu wanne au watano wanalaliana. Anamshika mmoja kwapani, anamwinua juu na kusema: "Angalia hii miguu, mzee! Hii si ya hapa. Baba yake ni Jaman Shepad. Hii itakuwa kubwa kama ndama."

Na mzee anatoa pesa.

(Kwa wale waliosahau majina ya watoto wa wanyama tuliyokaririshwa shule ya msingi, kilebu ni mtoto wa mbwa. Ningeandika "kapapi" kama tunavyosema nyumbani, mlezi wa chama angenirudishia karatasi.)

Nitasema maoni yangu mapema ili asiyetaka kuendelea avuke hadi ukurasa wa mashairi. Hakuna binadamu, awe muuzaji, awe mzee wa kijiji, awe daktari wa mifugo, anayeweza kumtazama kilebu chotara wa wiki 6 na kutaja kwa hakika ukubwa atakaokuwa nao. Kukisia kunawezekana, na nitaeleza jinsi. Lakini kukisia huko kunataka vitu vitatu ambavyo ndani ya ile katoni havimo: mama yake, umri wake wa kweli, na subira ya miezi miwili hivi.

Pengine unajiuliza, je, jambo hili lina uzito gani hata lichukue kurasa za jarida letu? Hebu fikiria kwanza ni kwa nini watu wa hapa wanataka mbwa mkubwa. Si kwa urembo. Sisi tunakaa mpakani. Ukivuka mto Amalo umetoka Bomet na kuingia Narok, na ng'ombe aliyevushwa usiku ni kazi kumpata. Wenye maduka wanaogopa wezi, wenye kuku wanaogopa wanyama. Kwa hiyo mtu anapotoa shilingi 1500 au 2000 hanunui kilebu, ananunua ahadi. Mwaka unapita, ahadi inabaki kimo cha goti. Basi mbwa yule anaacha kupewa chakula, kwa sababu "huyu ni wa kula bure tu." Wengine hawasubiri hata afukuzike mwenyewe. Humtia guniani, humpandisha bodaboda na kwenda kumwaga ng'ambo ya mto.

Mwaka jana mbwa mmoja wa aina hiyo alimwuma mtoto wa darasa la pili ninayemjua. Hakuna aliyekubali kwamba mbwa ni wake. Mama wa mtoto yule alilazimika kwenda na kurudi kutafuta sindano, kila moja na tarehe yake, na kila safari na nauli yake. Mtoto alipona. Mbwa hakuonekana tena, kwa hiyo hakuna ajuaye kama alikuwa na kichaa au alikuwa na njaa tu. Ndiyo maana naandika.

Sasa turudi kwenye miguu.

Wanaoamini miguu hawakosi sababu kabisa. Kilebu wa mbwa mkubwa kweli huwa na mifupa minene na nyayo pana, na ngozi yake hulegea kama koti la kaka yake. Lakini ishara hiyo inasaidia ukimlinganisha kilebu wa mbwa mkubwa kabisa na kilebu wa mbwa mdogo kabisa. Kwa machotara wa kwetu, ambao wote wako katikati, inapotosha. Nasema hivyo kwa sababu nimepima.

Nilipokuwa kidato cha pili, mbwa wa jirani yetu aitwaye Popi alizaa. Popi ni mbwa koko wa kilo 14, rangi ya udongo, mkia umepinda. Baba wa vilebu hakujulikana, ingawa jirani aliapa kwamba ni mbwa wa mwenye lori fulani, na kwamba mbwa huyo ni Jaman Shepad kamili. Jirani huyo hununua mahindi na maharagwe, kwa hiyo ana mizani ya kuning'iniza. Nikamwomba ruhusa. Kila Jumamosi niliwatia vilebu guniani mmoja mmoja, nikasoma kilo, nikatoa uzito wa gunia, nikaandika kwenye daftari la hesabu. Upana wa nyayo niliupima kwa rula. Wanafunzi wenzangu walinicheka sana, wakaniita Daktari wa Popi, jina ambalo halijaisha hadi leo.

Nitataja wawili tu. Bosi alikuwa na nyayo pana kuliko wote. Alipofika wiki 8 alikuwa na kilo 3, na watu watatu waligombana nani amchukue. Kifupi alikuwa wa tatu kwa nyayo, kilo 2.4, na aliitwa Kifupi kwa sababu unazozijua. Wiki ya 16 Bosi alikuwa na kilo 7.5, na Kifupi amempita kimya kimya kwa kilo 8. Walipotimiza mwaka, Bosi alikuwa na kilo 17 na Kifupi kilo 19. Aliyemchukua Bosi kwa ajili ya miguu alitaka arudishiwe pesa. Arudishiwe na nani?

Sasa, kuna hesabu ambayo watu huipenda. Unachukua uzito wa kilebu, unagawanya kwa umri wake wa wiki, unazidisha kwa 52. Inaonekana ya kisayansi kwa sababu ina kugawanya na kuzidisha. Hebu tuijaribu. Bosi katika wiki ya 8: 3 gawanya kwa 8, zidisha kwa 52, unapata kilo 19.5. Bosi yuleyule katika wiki ya 16: 7.5 gawanya kwa 16, zidisha kwa 52, unapata zaidi ya kilo 24. Mbwa ni mmoja, majibu ni mawili, na yote mawili yamemzidi. Kwa Kifupi katika wiki ya 16 hesabu hiyo inatoa kilo 26!

Kosa liko wapi? Tuliosoma mada ya ukuaji katika Bayolojia ya kidato cha tatu tunaweza kulijibu hilo bila kumwita mwalimu. Hesabu ile inachukulia kwamba mbwa huongeza uzito sawasawa kila wiki mpaka mwaka uishe, kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe. Kiumbe hakui hivyo. Ule mchoro tuliouchora ubaoni umejikunja kama herufi S: mwanzo wa polepole, kisha mbio, kisha polepole tena hadi kusimama. Kilebu wa wiki 16 yuko katikati ya mbio. Ukizipeleka mbio zake mpaka mwisho wa mwaka utapata mbwa ambaye hayupo. Na tena mbwa hawasimami pamoja. Wadogo huweza kumaliza kukua wakiwa na miezi 8 au 10, na walio wakubwa sana huendelea hata baada ya mwaka na nusu.

Njia ambayo ilinikaribia zaidi ni rahisi mno hata inaudhi. Mpime kilebu akiwa na wiki 16, yaani karibu miezi minne, kisha zidisha kwa 2. Kwa Bosi ningepata 15, naye alifika 17. Kwa Kifupi ningepata 16, naye alifika 19. Haikupiga katikati, lakini ilikosea kwa kilo mbili au tatu, na ile nyingine ilikosea kwa saba. Kwa mbwa wa ukubwa wa kati mimi ningeitumia, nikijua kwamba mbwa atakayekuwa mkubwa huwa bado hajafika nusu ya uzito wake kwa umri huo.

Lakini angalia, kila njia inahitaji umri. Na umri ndipo wauzaji wanapopatia faida. Kilebu wa miezi mitatu aliyedumaa kwa minyoo akiuzwa kama wa wiki 6, kila mtu atashangaa: "Wiki sita na ako hivi? Huyu atakuwa simba!" Kumbe ni mtoto mkubwa mwenye mwili mdogo, na amebakiza muda mfupi tu wa kukua.

Hapa kuna dawa, na haihitaji pesa. Mfungue kinywa. Meno ya kilebu huanza kutokeza akiwa na wiki 3 hivi. Akifika wiki 8 huwa nayo yote ya utotoni, 28, membamba na makali kama sindano. Kati ya miezi 3 na 5 yale madogo ya mbele hung'oka na mapya yaliyo mapana kuchukua nafasi, chonge hubadilika karibu na miezi 5 au 6, na akifika miezi 7 huwa na meno 42 ya utu uzima. Kwa hiyo ukiambiwa "wiki sita" na unaona jino la mbele limeng'oka au jipya limechomoza pana kando ya sindano, mrudishe kwenye katoni na umwulize muuzaji swali lingine. Mimi nimewahi kufanya hivyo nikiwa na sare ya shule. Niliambiwa niende nikasome.

Swali hilo lingine ni la mama. Muuzaji daima atakutajia baba, kwa sababu baba hayupo. Baba ni Jaman Shepad, baba ni mbwa wa polisi, baba ni mbwa wa Mzungu. Hakuna anayetaja mama. Lakini mama ndiye shahidi pekee anayeweza kuonekana, na mara nyingi yuko kilomita mbili tu kutoka sokoni, amelala chini ya ghala. Uliza: "Mama yake yuko wapi? Twende nimwone." Akikataa, umejua jambo moja.

Tuseme hata kwamba baba ni Jaman Shepad kweli. Dume la mbwa hao huwa na kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Mama ni kama Popi, kilo 14. Watoto wengi wataangukia katikati, wengine juu, wengine chini, na majike huwa wadogo kuliko madume. Isitoshe, jike akiwa katika joto anaweza kupandwa na madume kadhaa, na vilebu wa uzao mmoja wakawa na baba tofauti. Katoni moja, mama mmoja, baba watatu! Nani basi atasimama kando ya lami na kusema "hawa wote ni Jaman"?

Wataalamu wenyewe wametumia miaka kulichunguza jambo hili. Mwaka 2007 walitangaza kwamba jeni moja iitwayo IGF1 ina mkono mkubwa katika udogo wa mbwa wadogo. Mwaka 2022 wengine wakaonyesha kwamba mabadiliko ya jeni hiyo yalikuwepo katika mbwamwitu wa Siberia miaka 54,000 iliyopita, kabla binadamu hajafuga mbwa. Ajabu ni hii: jeni hiyo, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine, inaeleza takriban asilimia 15 tu ya tofauti za ukubwa kati ya mbwa. Zilizobaki zimegawanywa kwa jeni nyingine nyingi, kila moja na kijiko chake. Ikiwa maabara za Marekani zinahesabu vijiko, sisi tunasoma nyayo!

Na huyu mama koko tusimdharau ati hana kabila. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Mbwa wa Uganda, jirani zetu, walionekana kwa wingi kuwa wa asili ya huku huku Afrika, si mabaki ya mbwa wa kizungu waliochanganyika. Maana yake ni kwamba mwili wa Popi, mwembamba, mrefu wa miguu, si ajali wala si njaa peke yake. Ni mwili wa ukoo wake, na watoto wake wataurithi.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi, kwa sababu watu hawapendi kuambiwa. Chakula hakiwezi kumfanya kilebu azidi urithi wake. Ukimlazimisha kunenepa upesi utaharibu viungo vyake. Lakini njaa na minyoo vinaweza kumzuia asifikie urithi huo. Minyoo hawamngoji kilebu aanze kula taka. Humwingia akiwa bado tumboni mwa mama, au kupitia maziwa yake. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 2 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi anapoachishwa. Mtu anampa mbwa wake maji ya kuoshea sufuria ya ugali kwa mwaka mzima, kisha analalamika kwamba aliuziwa mbwa mdogo.

Babu yangu nilipomsomea haya alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kijana, na mwizi huwa anauliza kilo?" Nilijibu, "Hapana, babu." Akasema yeye amefuga mbwa miaka yote, na aliyemwokolea ng'ombe wawili alikuwa jike mdogo aliyebweka mpaka majirani wakatoka na tochi. Mbwa mkubwa aliyekuwa naye wakati huo alikuwa amelala. Sitafanya kisa kimoja kuwa sheria. Hata hivyo, mwaka 2022 watafiti walichunguza majibu kuhusu mbwa zaidi ya 18,000 na kuona kwamba aina ya mbwa inaeleza asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo hata ukimpata Jaman wa kweli, hujanunua ukali, umenunua masikio yaliyosimama. Mlinzi wa usiku kwanza ni masikio na mdomo, na hivyo Popi anavyo.

Wapo watakaosema, "Wewe mtoto wa shule, mbwa ni wangu, nikimtupa yakuhusu nini?" Yananihusu, kwa sababu mbwa aliyetupwa haendi mbinguni. Anaenda nyuma ya mabucha, anapata wenzake, na hakuna wa kumpeleka kuchanjwa. Serikali yetu ilianza mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kwa watu ifikapo mwaka 2030, na msingi wa mpango huo ni kuchanja mbwa, angalau 70 katika kila 100. Asiye na mwenyewe nani atamshika ili achomwe sindano? Wala si watu tu wanaoumia. Amalo hii tunayovuka kila siku ni mmoja wa mito inayounda mto Mara. Mwaka 1994 ugonjwa uitwao distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti na kufika mpaka Maasai Mara, na chanzo kilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka mbuga. Mbwa koko na simba, hebu fikiria!

(Na ikitokea umeumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa shangazi yako.)

Ningependa basi mambo mawili yabadilike hapa kwetu. La kwanza, asiuzwe kilebu ambaye mama yake hawezi kuonekana. Hilo halihitaji sheria ya bunge. Linahitaji wanunuzi watatu wakaidi katika siku moja ya soko, na habari itaenea kufikia ya pili. La pili, anayetaka mbwa mkubwa kwa lazima asichukue kilebu wa wiki 6. Achukue wa miezi minne au mitano, mwenye meno yanayobadilika, ampime, azidishe, aamue. Najua kwamba kilebu wa miezi mitano hapendezi, miguu yake imekuwa mirefu kama ya mbuzi na amekwisha kutafuna kiatu cha mtu. Lakini angalau anaonyesha anakoelekea. Na asiyeweza kungoja, amchukue mdogo akijua kwamba amechukua fumbo, na amlishe vivyo hivyo jibu likitoka.

Mizani ya jirani huwa haina kazi Jumamosi alasiri, wakulima wakishaondoka, naye amekubali niitumie kuanzia saa tisa. Mwanafunzi au mwalimu yeyote mwenye kilebu na amlete, na gunia lake mwenyewe, likiwa kavu. Nitaandika uzito, upana wa nyayo na meno, na toleo lijalo nitawaeleza tulipofikia tukiwa na vilebu wengi kuliko wale wa Popi. Kifupi atakuwepo. Ana mwaka na miezi miwili sasa, na Jumamosi iliyopita alikuwa ameongeza robo kilo.